Mrija Niliokataa

Siku daktari aliponieleza ugonjwa wangu, pale hospitali ya Mbarara, Uganda, tulikuwa wanne chumbani: mimi, binti yangu wa mwisho, wifi yangu ambaye ni dada wa marehemu mume wangu, na daktari mwenyewe. Majina yao yote ninayo, hata la mlinzi wa geti. Siyaandiki kwa sababu sijawaomba ruhusa.

Nilikuwa naona damu chooni, nikadhani ni bawasiri. Wifi ndiye aliyenisukuma niende. Daktari akasema ni kansa, lakini ndogo, bado iko juujuu katika njia ya haja kubwa. "Hatutapasua tumbo," alisema. "Tutaitoa kwa njia ileile, halafu tutakupiga miale ili mabaki yafe." Wifi akanifinya mkono. Tulikimbia vita pamoja, sisi wawili, na tangu Burundi tulikunywa pombe ya mtama kwa mrija mmoja. Wengine kwenye chungu kila mtu na wake; sisi, mmoja. Watu walitucheka: "Mke na mume hao!"

Upasuaji ulipita. Kidonda kilipopona nikaanza miale: Jumatatu hadi Ijumaa nalala kwa binti yangu huyo pale mjini, Jumamosi narudi Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Mashine haikugusi. Inalia tu, na kabla haijalia wote wanatoka, wanakufungia mlango mzito. Nikawaza: kama wenyewe wanaikimbia, basi miale hiyo ni moto, na sasa umo ndani yangu.

Katikati ya majuma hayo wifi akapata safari ya Kanada, ya wakimbizi wanaohamishiwa huko. Aliingoja miaka mingi. Jumamosi wakamwekea chungu cha kuaga. Akaufuta mrija wetu kwa kitenge, akaninyooshea.

"Njoo, mke wangu."

"Sinywi."

"Ee! Mbarara wamekufundisha maringo?"

Watu wakacheka. Mimi nimekaa fasi ya mlangoni, mbali. Nilijua wasafiri hupimwa afya hadi siku ya mwisho, na mtu akikutwa na kitu anabaki. Niliogopa moto wangu upite kwenye mrija umshike, wamtoe kwenye orodha. Na kama ningesema sababu, wangeanza kuuliza kama nimeshamgusa. Nikatikisa kichwa. Akaufuta mrija tena, akanitazama kitambo, kisha hakunitazama tena.

Jumatatu asubuhi basi la wasafiri liliondoka, mimi nikiwa kwenye foleni ya mashine. Nikamuuliza nesi moto huo utanitoka lini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mukaaka," ndivyo wanavyoita bibi kwao, "hakuna kitu nabaki ndani. Mashine nazima, moto nakwisha. Beba wajukuu, lala na mzee!"

Nikampigia wifi. Simu ilikuwa imezimwa.

Ni mwaka wa pili sasa. Daktari bado ananiita, ananichunguza, anasema ni safi. Wifi nilimweleza kwa simu siku alipoipata laini ya huko. Akaniita mjinga, halafu nikawa nasikia tu anavyopumua. Ninalima, ninakaa vizuri kwenye benchi la kanisa. Ila kwenye chungu, mtu wa kushika naye mrija sijampata.

Mimi nakumbuka alipoufuta mara ya pili aliutia mkobani mwake. Binti yangu anasema hapana, aliurudisha chunguni, ukatupwa na mingine. Mliokuwepo, kama nimekosea nisahihisheni. Na wewe wifi, wakikusomea haya, angalia mkobani.