Moyo wa Binti Yangu Ulipokwenda Mbio

Nina kovu shingoni, na sijawahi kulifunika kwa kitambaa. Kabla sijaolewa nilitolewa rovu huko Bukavu. Uvimbe huo wa tezi ulikuwa umenitetemesha mikono na kunitoa macho kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Baada ya operesheni nikawa ninakunywa kidonge kila asubuhi, nikarudi Uvira kuuza vikwembe vyangu, vitenge vya kujifunga, katika soko la Kimanga. Daktari aliyenipasua aliniachia neno moja: "Siku utabeba mimba, ambia wale watakaokuzalisha. Tezi imetoka, lakini kitu kilichoichokoza kingali katika damu yako."

Niliwaambia. Muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, akaangalia kovu, akatabasamu. "Mama, rovu ilishatoka. Weye iko muzima."

Binti yangu alizaliwa mdogo lakini mkali. Alipofikisha wiki moja hivi nikaanza kuogopa. Alinyonya kama mwenye njaa ya mwezi mzima, na bado mapaja yake yalizidi kukonda. Hakulala, macho wazi. Alitoka jasho hata asubuhi, upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Nikamwekea mkono kifuani: moyo ulikuwa unakimbia hata sikuweza kutenganisha pigo na pigo.

Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kiringye kunisaidia uzazi, alikuwa na jibu tayari.

"Maziwa yako ndiyo inamuua. Ile shingo yako iko na laana. Umuachishe, leo tumupeleke ku chumba ya maombi."

Nikajifunga mtoto mgongoni.

"Mama, minye nakuheshimu. Lakini mutoto huyu haachi ziwa, na leo anaenda kwa dokta. Kama unataka kuomba, tuende pamoja, utaomba njiani."

Alikuja, amenuna.

Hospitalini daktari alimgusa paji la uso, akasema ni maambukizi, akaanza kuandika dawa. Sikuinuka kwenye kiti. Nyuma yangu akina mama waliokuwa wakingoja walianza kulalamika.

"Sitoki hapa," nikamwambia. "Sikiliza moyo wake tena. Halafu angalia shingo yangu."

Alikasirika, nikaona. Lakini akasikiliza, muda mrefu. Akaniuliza kuhusu operesheni, akapigia simu mwenzake wa Bukavu, na aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mama, damu yetu ina kingamwili, kama askari wa kupigana na magonjwa. Zako zingine zilikosea adui, zikawa zinachokoza tezi ya shingo ifanye kazi kupita kiasi. Kwako hazina tena cha kuchokoza. Zilipita kwenye kondo la nyuma, zikakuta tezi ya mtoto, nzima, zikaanza kuichokoza."

"Na maziwa yangu?"

"Mnyonyeshe. Anayahitaji."

Nikageuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa amesikia.

Walichukua damu ipelekwe Bukavu, lakini daktari hakungoja majibu. Tulilazwa siku hiyohiyo. Vidonge vilisagwa katika maji, nikavipima kwa sirinji isiyo na sindano: kimoja cha kutuliza moyo, kingine cha kuzuia tezi. Daktari alisema kingamwili zangu zingeisha zenyewe katika damu ya mtoto, polepole, na kazi yetu ilikuwa kumlinda mpaka ziishe. Majibu yalipokuja yalimuunga mkono.

Tuliporudi nyumbani, majirani walikuja kumwona mtoto, kumbe walikuja kuniona mimi. Mmoja akaniuliza kama nitathubutu kuzaa tena na damu ya namna hii. Nikamwambia damu hii ndiyo iliyomuumba, na nitazaa nikitaka.

Dawa zilipunguzwa kidogokidogo, kisha zikaachwa. Siku aliyolala mchana kutwa, mdomo wazi, mapaja yamejaa, nilikaa kando yake nikalia kwa hasira, si kwa furaha, kwa sababu ya wote waliotaka nimnyime ziwa.

Sasa nina mimba nyingine. Siku ya kwanza ya consultation, kliniki ya wajawazito, nilisema mbele ya kila mtu: "Pimeni kingamwili zangu, na muhesabu moyo wa huyu angali tumboni." Muuguzi akaniambia ningoje zamu yangu. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka daktari akatoka kuja kuuliza kuna nini.

Mama mkwe bado anasema ni maombi yaliyomponya mjukuu wake. Hajawahi kuniomba msamaha kwa neno laana. Hata hivyo, juzi nilimsikia uani akimwambia mgeni kutoka Mutarule kuhusu mimi, mke wa mwanawe: "Mukamwana wangu hashindwi na muntu."