Orodha Iliyopigwa Roneo

Hapa Rumonge, kando ya ziwa, bado tunasema roneo, ingawa mashine yenyewe hakuna anayeitumia tena. Mjukuu wangu akirudi shuleni mwisho wa muhula huniambia, "Bibi, roneo imetoka," yaani matokeo yamebandikwa mlangoni. Matokeo hayo yametoka kwenye kompyuta ya mkurugenzi wa shule, lakini yeye na wenzake wanayaita hivyo kwa sababu wazazi wao waliyaita hivyo, na wazazi wao walilipata neno kwetu. Enzi zetu lilikuwa neno zito. Roneo ilikuwa mashine, roneo ilikuwa karatasi iliyotoka humo ikinuka wino, na roneo ilikuwa pia ile siku ya kujua kama umepita au umefeli. Mimi iliniliza wiki nzima.

Masika iliyopita ziwa lilipanda tena, maji yakaingia kwenye stoo ya shule. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi, na kamati ya wazazi ni watu wanaokumbukwa pale tu kazi chafu inapotokea. Tulipandisha nguo magotini tukaanza kutoa madawati. Nyuma kabisa, chini ya turubai, tukaikuta roneo yenyewe: chuma kizito, pipa jeusi katikati, mpini wa kuzungushia pembeni. Mwalimu mmoja kijana, wa darasa la tano, aliushika mpini akauzungusha.

"Mama, hii iko mashini ya kukamulia mawese?"

Nilishtuka kweli. Huyu ndiye anayewafundisha watoto wetu! Kwa vile kwao ni Kizuka, kwenye michikichi, kila kitu chenye mpini anakiona ni cha mawese. Nikamweleza kwa ukali kidogo kwamba kulikuwa na karatasi laini yenye nta, tukiiita stensili. Katibu wa shule aliichapa kwa mashine ya taipu, herufi zikaitoboa. Kisha aliivalisha hilo pipa lenye wino, akazungusha mpini, wino ukapita kwenye matundu ya herufi, nakala zikatoka moja baada ya nyingine.

"Na hizo stensili mulizitupa?" aliuliza.

Wapi! Katibu wetu alikuwa mchoyo wa kila kitu. Stensili ikishatumika aliilaza katikati ya magazeti ikauke, akaifunga, akaandika mwaka juu yake, eti ipo siku itatakiwa tena. Maboksi yake yalikuwa bado kwenye rafu ya juu, maji hayakuyafikia. Nikapanda juu ya dawati, nikatafuta mwaka wangu. Nilitaka tu kumwonyesha kijana majina ya wakubwa anaowajua, yule ambaye sasa ni daktari na yule mwenye duka la mbao. Nikaipata orodha ya waliopita mtihani wa kuingia sekondari, nikaiinua mbele ya dirisha. Herufi zilipitisha mwanga vizuri kabisa.

Jina la nane lilikuwa langu.

Nilisoma tena. Jina langu na jina la baba yangu, pamoja na kosa la herufi moja ambalo katibu yule hakuacha kulifanya miaka yote. Nikakaa palepale juu ya dawati lililolowa.

"Mama, muko na shida?"

"Nilipita," nikamwambia.

"Mulipita nini?"

Mwaka ule, wakati wa likizo kubwa, nilikuwa Kabonga kwa shangazi yangu, nikimsaidia kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, na kufukuza ndege. Baba ndiye aliyekwenda kuangalia roneo. Siku chache baadaye nililetewa salamu zake kutoka Rumonge: jina lako halipo, kaa huko umsaidie shangazi. Wenzangu waliopita walitawanywa kwenye shule za bweni huko milimani, na waliponikosa walidhani nimeozwa. Kuozwa kwenyewe kulikuja miaka minne baadaye. Sina ubaya na maisha niliyoyapata. Nimeuza vitenge, nimelea watoto, nimejenga. Lakini miaka arobaini nimeishi nikijua kwamba mimi ni mtu aliyefeli. Watoto wangu wakiniletea daftari niliwaambia mama yenu ana kichwa kizito. Watu wakiongea Kifaransa mbele yangu nilinyamaza, nikaona aibu.

Niliikunja stensili ndani ya gazeti lake nikatoka nayo. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Njiani nilishamhukumu baba. Alinificha kwa sababu mimi ni msichana. Alinificha kwa sababu shule hizo za bweni zilikuwa za mapadre na sisi ni Waislamu. Alinificha kwa sababu shangazi alitaka mikono ya kuanika. Kila nyumba niliyoipita nilimwongezea kosa jingine, na watu walionisalimia nadhani sikuwaitikia.

Baba yangu ni mzee sana sasa, na ndiye msomaji wa mtaa wetu tangu nipate akili. Akifa mtu, yeye huitwa asome Yasini. Zamani jamaa zetu wa Ujiji walimwandikia barua, naye akazisoma kwa sauti na kuzijibu, Kiswahili chetu hikihiki kikiwa katika herufi za Kiarabu. Nilikua nikijivuna kwamba nina baba msomi. Nilimkuta mkekani, ameshaswali alasiri, miwani machoni. Sikumwamkia.

"Ulisema jina langu halipo," nikamwambia. Nikamtupia ile karatasi mapajani. "Soma!"

Sijawahi kusema na baba yangu namna ile. Aliichukua, akaiinua kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia, akakivuta taratibu kwenda kushoto, mpaka mstari ulipoanzia. Akashuka wa pili, akafanya vilevile. Midomo yake ilikuwa ikitikisika, sauti haitoki.

Alikuwa akiisoma kama anavyosoma Yasini. Hasira zote nilizokuja nazo sikujua niziweke wapi.

"Baba, herufi hizi unazijua?"

Alishusha karatasi. "Mimi nilisoma chuoni, Kurani tu, mwanangu. Kwa mapadre sikwenda."

"Lakini ulikwenda kuangalia roneo."

"Nilikwenda. Watu walikuwa wengi pale mlangoni, na wote wananijua. Nikasimama, nikaangalia kama wao. Mwalimu mkuu akaniuliza, 'Muze, umeona?' Nikamwambia, 'Nimeona.'" Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Nikasema moyoni, kama mutoto amepita, mwalimu atakuja nyumbani kuniambia. Nikangoja. Hakuja mtu. Basi nikajua hukupita."

"Angekujaje, baba? Ulimwambia umeona! Alidhani umekataa kunipeleka."

Alinitazama. Nikaona usoni mwake kwamba miaka yote hiyo jambo hilo halijawahi kumpitia akilini, na kwamba lilikuwa linamfikia sasa hivi, mbele yangu. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kumshika mkono, na nikabaki nimesimama tu.

Aliirudisha karatasi kwenye mwanga.

"Nionyeshe lako."

Nilipiga magoti mkekani, nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye mstari wa nane. Kilitulia pale, hakikusogea huku wala kule.

"Linaanzia upande gani?" aliniuliza.