Mizani ya Sonara

Fundi wa sauti wa mtaa wa Kaneshie hagusi kisawazisha sauti cha kwenye kompyuta kabla ya kufumba macho. Kisha husogeza kipanya kidogo sana, huinamisha shingo na kunong'ona, "Mmh, sauti imefunguka." Wateja humwambia, "Haya si masikio, ni mizani ya sonara." Jana mwimbaji Naa Dedei alimletea wimbo wa kumuaga marehemu baba yake, wa kupigwa mazikoni Jumamosi. "Besi imevimba, na sauti yangu inakwaruza," alilalamika. Fundi akapunguza huku, akalainisha kule, saa mbili nzima.

"Hapo hapo, kaka!" Naa Dedei akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Usiguse tena!"

Akienda kuhifadhi wimbo, fundi akaona kitufe cha kuwashia: kisawazisha kilikuwa kimezimwa tangu mwanzo. Hakuna alichobadilisha. Akakiwasha, wimbo ukalia kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Akakizima upesi, akajishika masikio yote mawili, akacheka mpaka akakohoa.

"Nisamehe, dada. Mizani ya sonara imepima hewa tangu mwanzo."

Naa Dedei akafuta machozi. "Basi endelea kupima hewa. Wimbo wa baba usiuguse."