Mama Mfagiaji na Dirisha la Dawa

Kwa miaka sita nilikaa kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu, na wagonjwa wakanipa jina: Bi Anayefuata. Ndilo neno nililolitamka kuliko yote, tena kabla mwenye dawa hajafunga mfuko wake. Nyumbani nilifundishwa kwamba heshima si utumwa. Nilipovaa koti jeupe nikajiona nimeshahitimu hata somo hilo.

Aliyenichosha zaidi alikuwa mama mfagiaji wa korido. Umri wa mama yangu mzazi, na sikuwahi kumwamkia hata siku moja. Mara tatu au nne kwa siku aliacha fagio lake akaja dirishani na kichupa au pakiti mkononi.

"Mwanangu, hii inatumiwaje vile? Nimesahau."

"Mama, kichwa chako kinavuja?" Ndivyo nilivyomjibu, kisha nikamweleza kwa kufoka. Alishukuru, akaondoka. Baadaye namwona kaegemea fagio mlangoni, anapiga soga na wagonjwa wangu.

Nikamwandikia msimamizi barua: mama huyu ni msahaulifu na mvivu, aondolewe. Msimamizi akasema Ijumaa atamwachisha kazi.

Alhamisi nikatoka nikamfumanie, niwe na cha kuongezea. Nikajibanza nyuma ya mlango. Alikuwa na baba mmoja aliyembeba binti yake mdogo. Nilikuwa nimetoka kumhudumia.

"Amekwambia uitumieje?" mama akamuuliza.

"Matone mawili. Nadhani machoni."

"Mtoto anaumwa macho?"

"Sikio."

"Basi rudi ukamuulize."

"Kwa yule? Mama, heri nibahatishe."

"Hatubahatishi na mtoto. Lete, nitauliza mimi. Mimi nimeshamzoea."

Dawa ile ya sikio ingemuumiza mtoto macho. Na mama yule hakuwa amesahau kitu chochote, siku yoyote. Vichupa vyote vile vilikuwa vya watu walioniogopa. Matusi yangu aliyapokea yeye kwa niaba yao, kisha akarudi kuwaeleza taratibu, mmoja mmoja.

Nikajitokeza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yule baba mwenyewe, mara mbili, nikamwomba anirudie nilichosema. Halafu nikamwomba mama msamaha.

"Yamekwisha," akasema. "Hata mimi nina mdomo. Muulize mume wangu."

Uungwana ni vitendo, kweli. Namshukuru kwa macho ya mtoto yule, na kwa mengine mengi ambayo sitayajua kamwe. Namshukuru pia kwamba hakunisema kwa mtu, maana angenisema ningemchukia tu na nisingejifunza kitu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa msimamizi, naomba anirudishie barua yangu. Akaniuliza kama mama ameanza kufanya kazi yake.

"Yake aliifanya siku zote," nikamjibu. "Na yangu pia."