Dagny na Baraza la Kuchagua Viti

Dagny Solheim, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja huko Minnesota, aliingia baraza la wanafunzi la kushauri kituo cha afya akidhani watu huombwa ushauri ili wasikilizwe. Miezi mitano walilishwa piza na kuulizwa upuuzi. Februari, mkurugenzi wa kituo, Dokta Pruitt, akaja na vipande vya vitambaa.

"Haya vijana, viti vya kukanda mgongo viwe buluu au kijani?"

"Dokta, kumwona mshauri nasaha mtu husubiri muda gani?" Dagny akauliza.

"Siku chache tu, binti."

Palepale Dagny akapiga simu mapokezi, akaongeza sauti wote wasikie.

"Nafasi ya karibu ni baada ya wiki saba, mpenzi," mwanamke akajibu. "Nikuandike?"

Britta, aliyeishi chumba kimoja na Dagny, alikuwa amesubiri wiki tano, akachoka, akafungasha na kurudi kwao Fargo.

Pruitt akatabasamu kama muuza magari mabovu. "Maoni mazuri sana! Sasa simameni tupige picha ya tovuti."

"Kapige na viti vyako," Dagny akasema. Akavaa koti, akatoka. Wenzake wote wanne wakamfuata.

Picha ilitoka hata hivyo. Pruitt katikati, kando yake makarani wawili wenye mvi waliovalishwa fulana za chuo, na chini maandishi: "Tunawasikiliza wanafunzi wetu."

Dagny akaitazama, akasonya.