Swali la Dada Yangu kwenye Mkutano Mkuu

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kwa hiyo waliponichagua kwenda mkutano mkuu wa kanisa letu la Kilutheri, ule wa nchi nzima, watu pale usharikani Bariadi walicheka, na walikuwa na haki. Wasomi waliokuwa wanaitaka ile nafasi walikuwa hawaongei wao kwa wao, mchungaji akaona bora aende mzee asiye na upande. Ndivyo ilivyokuwa, sitapamba.

Aliyefurahi ni dada yangu. Alikuwa anaumwa titi, kidonda kimeshatoboka, na hospitali walishamwambia arudi tu nyumbani. Yeye alikuwa mke wa pili. Baba alimwoza kabla hatujabatizwa hata mmoja kwetu, na ng'ombe wa mahari yake ndio nilioolea mimi, kwa hiyo watoto wangu wote wametoka kwenye ndoa ile. Kanisa lilipotufikia lilimpokea kuimba na kutoa sadaka, ila Meza ya Bwana ikawa ya mke mkubwa peke yake. Mume na dada yangu, hapana.

Kwetu, kabla ya chakula cha Bwana, mwinjilisti husema wasiohusika watoke. Wanatoka watoto, na dada yangu katikati yao, mpaka wakamzoea wakawa wanamwita Bibi wa Nje. Hakukasirika. Aliwabebea karanga.

Sasa mwaka ule dayosisi yetu ilikuwa imepeleka hoja, kwamba wanawake walioolewa hivyo kabla ya kuamini wakubaliwe mezani. Dada akaniita kitandani.

"Mdogo wangu, dawa sitaki tena. Nataka kula ule mkate kabla sijafa. Nenda kaniulizie."

Nikaenda. Pale Lamadi akapanda kwenye basi mama mwenye furushi la dagaa, akakaa na mimi safari nzima, nikafika mbele ya maaskofu nanuka ziwa. Wakanipa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mfuko wenye kalamu. Wali mchana, wali jioni. Sisi watu wa ugali tulipata shida, lakini hilo tuliache.

Siku ya kwanza wakabishana juu ya umri wa wachungaji kustaafu, kutwa nzima. Iliyofuata ikawa katiba, neno fulani libaki au litolewe, mtu anasimama, anakaa, anasimama tena. Mimi naangalia mlango. Hoja yetu ilisomwa siku ya mwisho, watu wameshafunga mizigo na madereva wanapiga honi nje.

Mchungaji mmoja wa mjini akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, tukiufungua huu mlango, kesho wazee wa Usukumani watatuletea zizi zima!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja mjumbe kutoka kusini akanyakua kipaza sauti.

"Chekeni. Huyo mwanamke alijioa mwenyewe? Mnataka afukuzwe kwake ndiyo awe msafi? Akifukuzwa aende wapi, mchungaji, kwako?"

"Mama mjumbe, zungumza na kiti."

"Kiti hakijaolewa!"

Nikanyoosha mkono, nikapewa dakika mbili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakakimbia yote. Nikasema, "Dada yangu anakufa. Anauliza kama anaweza kula." Nikakaa.

Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "Asante sana mzee wetu, umetugusa." Halafu hoja ikapelekwa kamati ya theolojia, ije kwenye mkutano mkuu ujao, baada ya miaka minne. Wanaokubali waseme ndiyo. Wakasema ndiyo. Tukasali, tukagawiwa soda.

Nyumbani nilimkuta mke mkubwa anamsafisha kidonda. Hao wawili ujana wao waligombana mpaka kurushiana vyungu, lakini sasa huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

"Wamesemaje?" dada akauliza.

"Wameahirisha."

"Mpaka lini?"

"Miaka minne."

"Hukuwaambia naumwa?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walisema nimewagusa."

Akageukia ukutani. Mke mkubwa akaendelea kufuta usaha.

Alikufa pamba ikianza kupasuka. Mchungaji alikuja bila joho, kama jirani, maana sheria haikumruhusu zaidi. Kwaya iliimba, ila msalaba haukubebwa. Mchungaji mwenyewe alishika koleo akafukia kwa nguvu kuliko vijana, jasho linamtiririka, na usoni hakuniangalia.

Matanga hayajaisha, mzee wa kanisa mmoja akamfuata shemeji yangu pale alipokaa. Alikuwa na furaha ya kweli, simsingizii.

"Mzee mwenzangu, sasa una mke mmoja. Njia imenyooka. Unaweza kurudi kundini."

Shemeji alimtazama. "Kumbe ilikuwa hivyo tu?"

Ilikuwa hivyo tu. Hakuna kamati iliyokaa, hakuna aliyesubiri miaka minne. Jumapili ya chakula cha Bwana shemeji alipiga magoti mbele ya kanisa, mchungaji, safari hii na joho lake, akamwekea mkono kichwani, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akala. Meno hana, alitafuna polepole, machozi yanamshuka, na mimi mpaka leo sijui yalikuwa ya nini.

Mke mkubwa, mwenye ruhusa ya meza miaka yote, alibaki kwenye benchi, mikono mapajani. Safu yetu ilipoitwa nilisimama kwa sababu wote walisimama. Nikapiga magoti, mchungaji akaniwekea mkate ulimini. Nilitaka kusali, nikakosa neno hata moja, nikameza.