Modemu na Salamu za Msambweni

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Kompyuta nilijifunza wiki tatu Mombasa, nikarudi na cheti chenye muhuri wa zambarau. Kwa cheti hicho nikaajiriwa fundi wa kompyuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenzangu aliyeomba kazi hiyo hakuwa na cheti, wala soksi.

Tajiri wangu alikuwa na ofisi Diani na tawi moja Msambweni. Alichoka kuletewa disketi kila jioni, nyingine zimejaa mchanga. Akanunua modemu mbili, vile vidude vya kuunganisha kompyuta na waya wa simu, akaniita.

"Nataka nikae hapa hapa, niingie kompyuta ya Msambweni, nione simenti, nibadilishe bei. Na mtu mwingine asiingie. Una mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ukishindwa, rudi ulikotoka."

Nilikotoka ni Kikoneni, shambani kwa baba, kwenye jembe. Jembe halitaki paswadi.

Basi nikaweka paswadi ya herufi kumi, ukikosea mara tatu laini inakatika. Mwizi asingeweza kuingia. Shida ni kwamba hata mimi sikuweza. Laini ya Msambweni ilikuwa moja tu, na wateja waliitumia hiyo hiyo, kwa hivyo modemu niliipanga ipokee simu ikishalia mara nne. Na karani wa pale, mtu mzima mwenye kofia ya viua, hakuwahi kuiacha simu ilie mara mbili.

Nilipopiga kwa modemu mara ya kwanza, nilimsikia kwenye spika yake.

"Haloo! Assalaam aleikum!"

Modemu yangu ikamjibu: piii, piii.

"Haloo? Mbona walia, ndugu yangu? Kuna nini nyumbani?"

Nikakata, nikapiga kwa mdomo wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mtu amepiga hapa, masikini, analia tu."

"Ni mimi, mzee. Ni mashine. Simu ikilia, naomba uiache."

"Niiache? Na kama ni msiba?"

"Si msiba."

"Utajuaje na hujaishika?"

Siku tatu nilipiga, siku tatu alimfariji modemu.

Nikajiona mjanja. Ijumaa mchana duka hufungwa, karani huenda msikitini. Nitaingia wakati huo, hakuna wa kushika simu. Ijumaa ya kwanza ikalia mara nne, mara kumi, mara ishirini. Kumbe alikuwa amezima swichi kubwa ya umeme, kwa kuogopa moto. Jumatatu nikaenda Msambweni mwenyewe, nikabandika karatasi kwenye swichi: USIZIME. Akaisoma kwa sauti, akaahidi, kisha akaniuliza habari za mama, nikamwambia mguu unamuuma.

Ijumaa ya pili ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Tajiri akavuta kiti, akakaa ubavuni mwangu. Nikapiga kwa modemu, simu ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili.

"Haloo? Assalaam aleikum. Yuko msikitini. Mimi ni mkewe. Ameniambia nikae na mashine, kwa kuwa haizimwi."

Tajiri akanitazama. "Gari za Kikoneni mchana huu zipo?"

Nilitamani kulia kuliko modemu. Nikanyakua mkono wa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiwe fundi wa mashine? Hamjambo huko? Mamako na mguu wake?"

"Anatembea, alhamdulillahi. Mama, naomba niingie kwenye hiyo mashine."

"Ingia, baba. Si ungepiga hodi tangu wiki jana? Mume wangu asema kuna mtu ataka kuingia duka lake kimya kimya."

Wiki nzima nilikuwa napambana na mlango ambao sikuubishia hodi.

"Hodi basi, mama. Nakata, napiga tena. Hiyo ya pili usiishike, niachie mimi."

"Haya, karibu."

Nikapiga. Ikalia mara moja, mbili, tatu, nne, na ule mlio mbaya kama paka wawili juu ya bati ukaanza. Nikaandika paswadi. Simenti ya Msambweni ikatokea Diani, mfuko kwa mfuko. Tajiri akapandisha bei ya mabati papo hapo, bila kusema asante.

Nilibaki na kazi. Utaratibu ukawa huo: simu ya kwanza ya salamu, ya pili ya mashine. Siku moja tajiri alikuwa na haraka, akairuka ile ya kwanza. Nikasikia spika: "Haloo! Assalaam aleikum!" Akakata kwa hasira, akanigeukia.

"Fundi, hii kitu huwezi kuirekebisha?"

"Siwezi, tajiri."

Akashusha pumzi, akapiga upya.

"Waaleikum salaam, mzee. Ndiyo. Watoto hawajambo. Ndiyo, na yule mdogo pia..."

Nikainamia kibodi nikaifuta vumbi, ilhali haikuwa na vumbi.